Ngome ya Beaumaris iko na mafundi wake, tafadhali muwataje

Bwana Mhariri,

Jambo kwenu wote hapo kwenye gazeti. Naandika juu ya ule ukurasa wenu wa Jumapili wenye picha kubwa ya ngome ya Beaumaris, kule kisiwa cha Anglesey, nchi ya Wales. Picha ni nzuri, vijana wa shantie yetu, yaani mahali tunapojenga, waliigombania mpaka ikachanika kona. Lakini maandishi ya chini yanasema tu kwamba mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alijenga ngome hiyo mwaka 1295, halafu basi, imeisha. Mimi ni fundi masoni hapa Goma, nimejenga kabla ya volkano ya 2002 na nimejenga baada yake, nawaomba nafasi kidogo niseme nani walijenga ile ngome kwa mikono na kwa sababu gani mpaka leo haijamalizika, kwa sababu ukiangalia ile picha vizuri utaona minara imekatika juu, na watu wengi wanafikiri ilibomolewa na vita kumbe haikufika juu hata siku moja.

Mambo ya mfalme nitayapitisha haraka. Edward alipigana na watu wa Wales mara ya kwanza 1277, akarudi tena 1282, na mwezi wa 12 mwaka huo mkuu wao Llywelyn ap Gruffudd akauawa. Baada ya hapo Edward akaanza kuzungusha ngome kwenye pwani ya kaskazini ya ile nchi ili wenyeji wasiinuke tena: Conwy, Harlech na Caernarfon zote zilianza 1283. Wenyeji wakainuka hata hivyo, 1294, wakiongozwa na Madog ap Llywelyn, wakaichukua Caernarfon ikiwa bado haijaisha, na sherifu wa mfalme wakamnyonga. Njo maana 1295 ikaamuliwa ngome nyingine, Beaumaris, pale kwenye mlango wa bahari unaotenganisha Anglesey na bara.

Sasa fundi. Aliitwa James wa Saint George, mtu wa Savoy, upande wa milima ya Alps, sehemu ambayo siku hizi imegawanyika Ufaransa, Uswisi na Italia. Jina lake linaanza kuonekana kwenye hesabu za mfalme huko Wales 1278, na miaka michache baadaye anaandikiwa mshahara wa shilingi 3 kwa siku, maisha yake yote, na mke wake Ambrosia angepata nusu ya hiyo kama mume akitangulia kufa. Shilingi 3 za wakati ule ni peni 36, na masoni wa kawaida alikuwa anapata kama peni 4 kwa siku, mbeba mawe nusu ya hapo au chini kidogo. Yaani mfalme alijua kabisa thamani ya yule mtu. Tena 1290 akamfanya mkuu wa ngome ya Harlech, fundi wa mawe anakabidhiwa funguo za ngome ya mfalme! Wanahistoria wanabishana ngome gani alichora yeye mwenyewe na wapi alikuwa anasimamia tu, na ni haki kubishana kwa sababu hakuwa peke yake, kule Caernarfon kulikuwa Walter wa Hereford kama fundi mkuu, na wengine tena. Wote wako na majina. Majina yanajulikana, yako kwenye vitabu vya malipo, hiyo ndiyo inaniuma nikiona gazeti linaandika mfalme tu.

Na jinsi wanajua kama watu wa Savoy walifika kule siyo kwa karatasi peke yake, wanajua hata kwa kuta zenyewe. Chukua picha ya minara ya Conwy au Harlech kwenye simu, ivute mpaka iwe karibu, utaona matundu madogo ya mraba kwenye ukuta. Yale ni matundu ya eshafodaje, mahali mbao zilichomekwa ili fundi asimame juu, hata sisi tunafanya vile tukipandisha ukuta mrefu. Kwa kawaida matundu yanakuwa kwenye mstari mmoja wa usawa, halafu mstari mwingine juu yake. Lakini pale matundu yanapanda kwa kulala, yanauzunguka mnara kutoka chini mpaka juu, maana yake eshafodaje ilikuwa njia ya kupanda, watu wanasukuma mawe wakizunguka mnara mpaka wanafika kwa fundi aliyeko juu. Mtindo uleule uko kwenye ngome za Savoy. Miaka zaidi ya 700 imepita, mbao zimeoza zamani, lakini tundu limebaki linasema fundi alitoka wapi. Mimi niliposoma hiyo nilikaa kimya muda mrefu, maana hakuna mtu wa nje anayeangalia tundu la eshafodaje, ni sisi wa kazi tu.

Ukuta wenyewe ni wa ngozi mbili. Ngozi ya nje mawe yaliyochongwa vizuri, ngozi ya ndani vilevile, katikati wanajaza mawe madogo ya ovyo pamoja na mchanganyiko wa chokaa na mchanga. Sima ya sasa, yaani saruji, haikuwepo. Chokaa inachomwa kwenye tanuru, na Beaumaris walikuwa wanaleta makaa ya mawe kwa mashua, halafu chokaa hiyo inakauka polepole sana, ukuta wa unene ule unachukua muda mrefu kushika mpaka ndani. Baridi ikiingia kazi inasimama, maana maji yaliyo ndani ya chokaa yakiganda ukuta unapasuka, basi wanafunika vichwa vya kuta kwa majani makavu mpaka baridi ipite, na masoni wengi wanarudishwa kwao. Kwa hiyo msimu wa kujenga ni kutoka mwezi wa 4 hivi mpaka wa 10 au 11, na ile Beaumaris mwaka wa kwanza walikula zaidi ya pauni 6000 ndani ya msimu mmoja tu. Kuta za ndani pale ziko na unene wa karibu mita 4.7. Sisi hapa na jiwe letu jeusi la volkano, tukijenga ukuta wa sentimita 40 mwenye kiwanja anaanza kulalamika kwamba tunamaliza mchanga.

Na ramani yake, jamani. Pale hakuna kilima, ni mahali pa majimaji sawa na uwanja, kwa hiyo fundi hakuwa na mwamba wa kumsaidia kama Harlech ambayo imekaa juu ya jabali. Akafanya ukuta ndani ya ukuta. Kwanza handaki la maji, kisha ukuta wa nje ulio mfupi wenye minara midogo mingi, kisha nafasi nyembamba, kisha ukuta wa ndani mrefu zaidi wenye minara 6 mikubwa na majumba mawili ya lango, moja kaskazini moja kusini. Walinzi wa juu ya ukuta wa ndani wanaweza kutupa mishale juu ya vichwa vya wenzao wa ukuta wa nje, wote wanapiga kwa wakati mmoja. Na lango la nje halikuwekwa sawasawa na lango la ndani, limesogezwa pembeni, ili adui akivunja la kwanza asikimbie moja kwa moja, inabidi akate kona katika ile nafasi nyembamba huku anapigwa kutoka juu. Kila upande umelingana na wenzake, nadhani ndiyo ngome iliyopangwa vizuri kuliko zote za Edward. Na upande wa bahari kuna gati, merikebu ya tani 40 ikiwa imejaa mzigo iliweza kufika mpaka mlangoni maji yakijaa, kwa hiyo hata wakizingirwa pande zote za nchi kavu chakula kinaingia.

Haya. Sasa nafika mahali penyewe pa barua hii. Tarehe 27 mwezi wa 2, 1296, James na mwenzake Walter wa Winchester, aliyekuwa karani wa ile kazi, waliandika barua kwa wakubwa wa hazina ya mfalme. Barua iko mpaka leo. Tena iliandikwa kwa Kifaransa, Kifaransa cha zamani, lugha ambayo wakubwa wa Uingereza walikuwa wanatumia wakati ule. Ndani yake wanaeleza kazi imefika wapi, kwamba mahali ukuta umepanda sana ni kama futi 28, mahali pa chini kabisa futi 20, kwamba wameanza minara 10 ya nje na 4 ya ndani, kwamba milango minne imekwisha kuwekwa na inafungwa kwa kufuli kila usiku. Halafu wanasema, kama mnashangaa pesa nyingi hivi zinaenda wapi kwa wiki moja, mjue kwamba tunahitaji masoni 400, wachongaji na wajengaji, na vibarua 2000, mikokoteni 100, magari ya kukokotwa makubwa 60, mashua 30 za kuleta mawe na makaa, wachimba mawe 200, wafua chuma 30, na maseremala wa kuweka mihimili na sakafu. Wakasema bila pauni 250 kwa wiki, msimu mzima, kazi haiwezi kwenda kama mfalme anavyotaka.

Na kisha wakaandika jambo ambalo kila kapita, msimamizi wa kazi, wa hapa Goma amekwisha kulisema kwa mdomo wake. Kwamba malipo ya wafanyakazi yamechelewa sana na bado yanachelewa, na kuwazuia wasiondoke ni shida kubwa kwa sababu hawana kabisa kitu cha kula. Deni lilikuwa pauni 500. Na mwishoni wakaongeza wakawaomba wale mabwana, kwa ajili ya Mungu, waharakishe pesa za kazi, la sivyo yote yaliyofanywa mpaka pale yatakuwa bure.

Bwana Mhariri, mimi nimesoma hayo nikiwa na watu wangu ambao Jumamosi ile walikuwa wameambiwa na mwenye nyumba mmoja, simtaji, warudi Jumatano. Edi-masoni mmoja, msaidizi wa fundi, aliniuliza, hiyo barua ni ya hapa? Nikamwambia hapana, ni ya mwaka 1296. Wote wakanyamaza. Kijana anayebeba jiwe kutoka saa moja asubuhi ameacha nyumbani mtoto anayengoja unga wa siku hiyohiyo, hawezi kungoja Jumatano, na fundi mkuu yeyote mwenye akili anajua kwamba siku vibarua wakiondoka ukuta unasimama pale ulipo hata kama yeye mwenyewe analipwa vizuri. James alikuwa na shilingi zake 3 za maisha, hakuna aliyemlazimisha kuandika habari ya njaa ya wabeba mawe. Aliiandika. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya maana sawa na ile ramani.

Pesa hazikuja kama walivyoomba. Edward alikuwa na vita Gascony, upande wa Ufaransa, tangu 1294, na huo mwaka wa 1296 akaenda Scotland kupigana, na wale matajiri wa Lucca, mji wa Italia, jamaa ya Riccardi, waliokuwa wanamkopesha miaka yote walikuwa wamekwisha kuanguka. Karibu 1300 kazi ya Beaumaris ikasimama. Ikaanza tena 1306 kwa sababu ya hofu ya watu wa Scotland, James akafa karibu 1309, wengine wakaendelea kidogo kidogo mpaka kama 1330, basi. Kwa jumla walitumia karibu pauni 15000 na minara haikufika juu. Hiyo mnayoona kwenye picha ndiyo barua ile haikujibiwa vizuri.

Na sipendi mtu afikirie kwamba wote walienda pale kwa kupenda. Kwa zile ngome za Wales amri zilitumwa kwenye majimbo ya Uingereza kukusanya wachimbaji, maseremala na masoni, jimbo hili litoe idadi hii, jimbo lile idadi ile, na kundi fulani la wachimbaji lilisindikizwa na askari wa farasi ili wasitoroke njiani. Mababu zetu walifanyishwa kazi za barabara na machimbo namna hiyo, hakuna haja nielezee. Vilevile mahali Beaumaris ilipojengwa palikuwa karibu na kijiji cha Llanfaes, kijiji chenye biashara yake ya bandari, watu wa pale walihamishwa kama kilomita 20 upande mwingine wa kisiwa ili ngome na mji mpya wa Waingereza vikae bila wao. Mtu wa Goma anajua kuhama ni nini. Mkiandika uzuri wa ngome, hiyo pia iandikwe, ukurasa mmoja unatosha vyote viwili.

Kuna mwalimu mmoja jirani yangu, mtu wa heshima, aliniambia fundi, aliyejenga ni yule aliyelipa, ndivyo historia inavyoandikwa duniani kote. Nilimjibu kwamba kwanza huyu hakulipa vizuri, barua iko. Pili, ukisema mfalme alijenga huwezi kujifunza chochote, hutajua lango lilisogezwa pembeni kwa sababu gani, hutajua chokaa inaogopa baridi, hutajua ukuta ulisimama kwa sababu gani. Ukimfuata fundi unajua yote. Na tatu nikamkumbusha ya Conwy. Ngome ile nayo iligharimu karibu pauni 15000, minara 8 mikubwa, na mji wake umezungushiwa ukuta wa kilomita 1.3 wenye minara 21, hata vyoo 12 vimetokezwa nje ya ule ukuta kwenye mstari mmoja, kazi safi kabisa. Ijumaa Kuu ya 1401 askari wengi wa ulinzi walikuwa wameenda kanisani, na ndugu wawili wa Wales, Rhys na Gwilym ap Tudur, na watu wao kama 40, wakaichukua. Inasimuliwa kwamba aliyeingia wa kwanza ni seremala, alifika langoni akasema amekuja kwenye kazi yake ya kawaida, walinzi wawili wakamfungulia, na hao wawili wakauawa. Ukuta haukuvunjwa hata jiwe moja. Fundi alijulikana mlangoni kwa sababu ngome haiwezi kuishi bila fundi, hata Harlech ilipowekewa askari wake wachache iliandikiwa lazima awepo masoni mmoja, seremala mmoja na mfua chuma mmoja, wakae humohumo. Mwalimu alicheka akasema nimemshinda kwa hilo, ila bado hatujamaliza, tutaendelea.

Tangu 1986 Beaumaris, Harlech, Conwy na Caernarfon ziko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na jina rasmi lililoandikwa pale ni ngome na kuta za miji za mfalme Edward. Hilo siwezi kulibadilisha mimi. Lakini gazeti letu linaweza kuandika vingine.

Na hapa ndipo ombi langu. Lava ya mwezi wa kwanza 2002 ilipita katikati ya mji huu, ikala nyumba, maduka, kanisa kuu, ikafunika hata sehemu ya uwanja wa ndege, na kabla haijapoa vizuri watu walikuwa wamekwisha kuanza kuivunja kwa nyundo na kujenga juu yake kwa mawe yake yenyewe. Nani walikuwa wale? Hakuna aliyewaandika. Wengine nilifanya nao kazi, mzee mmoja alikuwa anagonga jiwe mara moja na kulisikiliza, akasema hili litapasuka, hili weka kwenye msingi, na hakuwahi kukosea mbele yangu, amekufa na jina lake haliko kwenye karatasi yoyote. Nyumba zake ziko Himbi, ziko Katindo, watu wanalala ndani hawajui. Wengine wako hai bado lakini wamezeeka, mapafu yamejaa vumbi la mawe, wanakaa tu nyumbani. Tumeni mwandishi aje achukue majina yao, mwaka waliojenga, nyumba gani, walilipwa kiasi gani na kama walilipwa, jiwe walitoa wapi, walichanganya nini na nini wakati sima ilikuwa ghali. Muandike hivyo kila Jumapili chini ya picha ya nyumba yenyewe, na mkirudi tena kwenye ngome za Ulaya mfanye hivyohivyo.

Aje Jumamosi saa kumi jioni kwenye shantie yetu, siku ya malipo wote wanakuwepo, na wazee wawili watatu nitawaita mimi waje. Alete daftari kubwa.

Aksanti sana kwa nafasi.

Fundi masoni, kartie Ndosho, Goma